Swali la Kumi na Moja

“Hivi wewe Wini, hukuwahi kutaka mtoto wa kwako?”

Jean Threlfall alimuuliza hivyo mara moja tu, mwaka ule Winifred na mumewe walipohamia mtaa wa Garnet, wanawake wawili wakianika nguo kwenye uchochoro wa nyuma. Winifred Halsall alikuwa na vibanio viwili mdomoni. Alivitoa kimoja kimoja, akabana shuka pembe zote mbili, ndipo akajibu: “Mungu hakujalia, shoga.” Jean akasema pole, akahamia kwenye bei ya makaa. Hakuuliza tena. Miaka kumi na minane ikapita. Frank Halsall akafa kwa ugonjwa wa kifua, kiwanda cha soksi kikafungwa, na swali lile Winifred akalikuta mezani kwake mwenyewe, safari hii limepigwa chapa.

Lilikuwa la kumi na moja kwenye fomu ya halmashauri. *Taja watoto wote uliowazaa, walio hai na waliofariki, na mahali wanapoishi sasa.* Chini yake mistari minne mitupu.

Mengine alikwisha kuyajaza, kwa ule mwandiko aliofundishwa shuleni na ambao haukukua tena, herufi zimesimama wima kama nguzo za uzio. Kazi: kushona ncha za soksi kiwandani, miaka ishirini na sita. Mume: marehemu. Kifungo: hakuna. Ulevi: hakuna. Wazimu: hakuna. Kwenye la kumi na moja kalamu ilikaa siku tatu.

Haja ya fomu hiyo hakuitafuta, ilimjia. Kiwanda kilipofungwa alianza kumlea Kirsty, binti wa Donna wa nyumba ya pili, mtoto wa miaka mitatu. Donna alifungasha biskuti tangu saa kumi na mbili asubuhi. Hapakuwa na mkataba. Mtoto aliingia mlango wa nyuma akiwa bado na nguo za kulalia, akapewa uji, akakaa chini ya meza kupanga vifungo vya shati kwa rangi. Ijumaa Donna alitoa alichoweza. Kisha mwezi wa tatu ikaja barua. Halmashauri imearifiwa kwamba katika nyumba hii analelewa mtoto kwa malipo bila cheti cha ulezi. Akionekana tena, ni mahakamani. Nani kapeleka maneno? Mtaa wote ulijiuliza, na mtaa wote ulijua kwamba ni mmoja wao.

“Msimamizi kanipa wiki mbili, Mama Halsall,” Donna alisema. Alisimama jikoni hajavua hata ile kofia ya wavu ya kiwandani. “Baada ya hapo ananitoa kwenye zamu. Kuna wanawake arobaini wanaingoja nafasi yangu.”

“Na mama yako?”

“Mama yangu? Nikimwachia paka, jioni namkuta paka kalewa.”

Winifred hakucheka. Donna naye aliacha kucheka.

“Jana nilimwacha kwa yule wa ghorofani, mwenye mbwa. Niliporudi nilimkuta mtoto na suruali aliyojikojolea asubuhi. Imekaukia mwilini. Hakulia, unajua? Amekaa tu kitako. Nikamuuliza, Kirsty, mbona hukusema? Akaniambia, ‘Mjomba kasema ninyamaze.’”

“Fomu nimeshaichukua,” Winifred alisema. “Watakuja kukagua nyumba. Nikipata cheti hakuna wa kutugusa, wewe wala mimi.”

“Utapata. Wasipokupa wewe watampa nani?”

Jumamosi baada ya Misa ya jioni alimfuata Padre Kilbride sakristia. Padre alikuwa akikunja stola, ule ukanda wake wa shingoni.

“Padre, mtu akiulizwa jambo ambalo aliapa hatalisema?”

“Aliapa kwa nani?”

“Kwa Msalaba. Mbele ya Sista.”

Padre alimtazama, kisha akarudi kwenye mikunjo ya stola. “Na jambo lenyewe liliungamwa?”

“Mwaka sitini na tano, Padre.”

“Basi, Winifred. Mungu hana kawaida ya kufukua alichokizika. Karatasi ya halmashauri ni nani hata ifukue?”

Akazima taa ya sakristia, wakatoka.

Mwaka sitini na tano Winifred alikuwa na miaka kumi na saba, na alifua mashuka katika nyumba ya masista, pamoja na wasichana wengine waliopata mimba bila ndoa. Mtoto alimnyonyesha wiki sita. Alimwita Aidan. Asubuhi moja walimwambia amvalishe nguo nzuri, akamvalisha, na mwanamke wa halmashauri akamchukua akaingia naye kwenye gari. Alasiri Sista alimwita ofisini, na afisa wa halmashauri amekaa dirishani. Maziwa yalikuwa yamelowesha aproni yake yote mbele, akajaribu kuyaficha kwa mikono, lakini mkono mmoja ulitakiwa juu ya Msalaba. *Hukuzaa,* Sista alimwambia. *Ukiulizwa, hukuzaa. Rudia.* Akarudia.

Kiapo alikitunza. Frank alizikwa hajui. Mara moja tu aliteleza, mwaka wa sabini na sita, alipoiandikia halmashauri kwa siri kuuliza jambo moja: kama yu hai. Jibu lilikuwa mistari miwili. Wanasikitika kumjulisha kwamba kumbukumbu za miaka hiyo ziliharibiwa na maji yaliyoingia katika ghala la chini. Barua ile aliikunja akaitia katika kitabu chake cha Misa, kwenye ukurasa wa sikukuu ya Watoto Mashahidi. Imekaa humo mpaka leo.

Jumapili alichukua kalamu. Kwenye mstari wa kwanza aliandika *Hakuna*. Ile mitatu iliyobaki aliikata kwa mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe, kama alivyoona watu wa benki wakifanya, ili asije mtu akaongeza neno.

Pamoja na fomu ilikuja orodha ya mambo thelathini na manne. Jean alikuja kusaidia, akaisoma kwa sauti kama anasoma hukumu.

“‘Dawa zote za kusafishia ziwekwe juu au zifungiwe.’ Sawa. ‘Soketi zote zifunikwe.’ Sawa. ‘Mimea yenye sumu iondolewe.’ Ah, shoga, yale maua ya Frank.”

Yale maua ya zambarau Frank aliyapanda mwenyewe kwenye kiwanja kidogo cha nyuma, pembeni mwa banda la makaa. Winifred aliyang’oa na mizizi yake, akayafunga ndani ya gazeti. Kinga ya moto, ule wavu wa kuwekwa mbele ya meko, walipewa na mjane wa upande wa pili. Taa ndogo ya mshumaa iliyowaka chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu aliizima, akanunua ya umeme, ambayo ilikuwa na wekundu wa duka la nyama. Kile kikombe cha maji ya baraka kando ya mlango nacho kilikuwa kwenye orodha bila kutajwa: *chombo chochote chenye maji kisifikiwe na mtoto.* Aliking’oa ukutani, akakipigilia juu zaidi. Sasa kuchovya kidole ilimpasa asimame kwa ncha za vidole vya miguu.

“Yesu mwenyewe hakifikii,” Jean alisema.

“Jean.”

“Nasema tu.”

Kigeti cha watoto Winifred alikipata kwenye mnada wa parokia. Walikifunga kati ya jikoni na ukumbi mwembamba wa kwenda mlango wa mbele, maana huko ndiko kwenye ngazi. Kilikuwa na kitufe chini ya upao, kikitaka kibonyezwe na huku kigeti kinainuliwa, yote kwa mkupuo mmoja. Jean alikivuta, akakisukuma, akakipiga teke.

“Mtoto atajua kukifungua siku ya pili. Mimi ndiye nitakayefia humu.”

“Bonyeza kwanza, ndiyo uinue.”

“Nabonyeza wapi?”

“Chini. Kwa kidole gumba.”

“Nyumba yako imekuwa jela, Wini,” alisema Jean, akapita kwa kuruka, sketi mkononi.

Uliobaki ni mlango wa mbele wenyewe. Mtaa wa Garnet watu huingia kwa nyuma, bila kubisha, na mchana komeo haliguswi. Mlango wa mbele ni wa daktari, padre na jeneza. Wa Winifred ulikuwa haujafunguliwa tangu alipotolewa Frank, na mvua za miaka mitatu zilikuwa zimeuvimbisha ubao. Waliuvuta wote wawili mpaka ukaachia kwa kishindo. Jumatano yote Winifred alikuwa amepiga magoti nje, akisugua kizingiti kwa jiwe, kama alivyosugua mama yake na mama wa mama yake, mpaka kikawa na weupe wa maziwa. Mtaa mzima ni yeye tu aliyekuwa bado anafanya hivyo. Hakuna aliyemwona akikikanyaga. Hata siku hiyo, kurudi ndani alikiruka.

Mkaguzi aliahidi saa nne asubuhi ya Alhamisi, akafika saa nne na dakika ishirini na tano. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, na mkoba mpana begani. “Bi Pickering,” alisema, akakanyaga kizingiti katikati kwa viatu vya mvua. “Nitakuita Winifred, sivyo?”

“Kama unavyopenda, Bi Pickering.”

Alipima joto la maji ya bomba kwa kipimo chake mwenyewe. Alivuta droo zote. Alipiga magoti, akatazama chini ya kochi, akatazama chini ya kitanda. Kabatini alikuta suti ya kiume.

“Ya nani hii?”

“Ya marehemu.”

“Miaka mingapi?”

“Mitatu.”

“Na bado ipo.” Akaandika kitu. Winifred alijizuia asichungulie.

Sebuleni alisimama mbele ya picha. “Huu moyo wenye miiba. Watoto hawauogopi?”

“Kirsty huupungia mkono,” Winifred alisema, akaona kosa lake pale pale. “Alikuwa. Kabla ya barua yenu.”

Bi Pickering aliweka alama ya vema. Alama za vema zilikuwa nyingi. Winifred alizihesabu kwa sauti ya kalamu, mkwaruzo mfupi na mkwaruzo mrefu. Walirudi jikoni, Winifred akimfungulia kigeti. Wakakaa mezani. Chai ilimiminwa, maziwa yakatiwa. Bi Pickering hakuigusa.

“Mtoto akikabwa na chakula?”

“Namlaza kifudifudi pajani, kichwa chini. Nampiga mgongoni kwa kiganja, mara tano, katikati ya mabega.”

“Akigoma kula?”

“Atakula kesho.”

“Akimlilia mama yake?”

Hilo halikuwa limeandikwa kwenye kitabu cha mafunzo kilichokuja na fomu. Winifred alitazama mvuke wa chai.

“Namwacha alie,” alisema. “Lakini nikiwa nimempakata.”

Vema nyingine. Bi Pickering akapanga karatasi zake, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. “Nyumba ni safi mno, Winifred. Nataka nikuambie hivyo. Nimeona nyumba nyingi.”

Ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka, bila kubishwa, akaingia Jean na keki ya tangawizi iliyofunikwa kitambaa.

“Msinijali! Naweka tu hii hapa nakwenda zangu. Wewe ndiye mkaguzi, mwanangu? Mdogo hivyo! Kula keki, kula, umekonda.”

“Huyu ni nani?” Bi Pickering alimuuliza Winifred.

“Jirani.”

“Huingia hivi kila siku?”

“Jirani gani!” Jean alisema. “Mimi dada yake, damu tu ndiyo hatuchangii. Sikiliza nikuambie, mwanangu, maana huyu mwenyewe hatakuambia. Uende mji wote huu, hutapata mkono kama wa huyu. Mtoto wangu wa tatu alipougua surua, nani alikesha naye? Na hana wake hata mmoja, maskini. Hakuzaa. Ndiyo maana anawapenda wa wenzake namna hii.”

Jean alitazama huku na huku, akidhani amevuruga kwa kusema sana, kama kawaida yake. “Haya, nimekwenda,” alisema, akatoka.

“Naomba ufunge mlango kwa komeo,” Bi Pickering alisema. “Yaliyobaki ni ya siri.”

Komeo lilikuwa na kutu. Winifred alilisukuma kwa mikono miwili.

Alipogeuka, mezani palikuwa na faili la rangi ya udongo, limefungwa kwa uzi mweupe. Kingo zake zilikuwa zimenyooka. Karatasi zilizochungulia pembeni zilikuwa zimefifia manjano kidogo kwa umri, lakini kavu. Hapakuwa na doa.

“Anayeomba cheti tunatafuta jina lake kwenye kumbukumbu zote,” Bi Pickering alisema. “Na jina la kabla ya ndoa. Wewe ni Winifred Mary Cottam.”

“Nilikuwa.”

“Swali la kumi na moja. Uliandika ‘Hakuna’.”

Winifred aliketi.

“Hii inasema mtoto wa kiume. Mwezi wa pili, mwaka sitini na tano.”

“Niliapishwa,” Winifred alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. “Niliapishwa nisiseme.”

“Na nani?”

“Na Sista. Mtu wenu alikuwapo, amekaa dirishani.”

“Hilo halimo humu.” Bi Pickering alizungumza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. “Nielewe, Winifred. Shida yangu si mtoto. Wasichana huzaa. Shida ni kwamba umeandika uongo kwenye hati ya halmashauri, na wewe unataka tukuamini na watoto wa watu.”

“Na ningeandika kweli?”

Mkaguzi alifungua uzi, akapekua, akasoma. “‘Mama amemtoa mtoto kwa hiari yake.’ Halafu hapa chini: ‘Msichana ni mkaidi, hana msimamo. Hafai kulea.’” Akainua macho. “Ingebidi tuulize juu ya hilo.”

“Nani aliyeandika hafai?”

“Afisa wa wakati ule.”

“Wa kwenu.”

“Wa ofisi yetu, ndiyo.”

“Alinijua?”

Bi Pickering alitazama tena. “Inaonyesha alikuona mara moja. Dakika ishirini.”

Winifred aliinuka. Alikwenda sebuleni, akarudi na kitabu cha Misa, akakifungua palipofunguka penyewe. Barua aliikunjua juu ya meza, kati ya faili na kikombe cha chai. Mikunjo yake ilikuwa imechanika kiasi cha kupitisha mwanga.

“Mliniandikia kumbukumbu zimeoza kwa maji.”

Bi Pickering aliisoma ile mistari miwili. Alitazama nembo ya juu, na nembo ya juu ya faili. Ilikuwa moja.

“Hii ni barua ya zamani sana. Siwezi kuisemea.”

“Miaka kumi na saba nimeamini ni maji.”

“Sikuwapo, Winifred.”

“Yu hai?”

“Sina ruhusa ya—”

“Sikuulizi yuko wapi. Nauliza yu hai?”

Ukurasa ulikuwa bado wazi, na Winifred alijua kusoma maandishi yaliyopinduka. Miaka ishirini na sita alisoma lebo za masanduku kutoka upande wa pili wa meza ya kiwanda. Palikuwa na mstari wa *Jina jipya la mtoto*. Baada yake herufi moja ya chapa, R. Kisha kiganja cha Bi Pickering kikaufunika ukurasa.

“Nitaandika kwamba ombi limekataliwa kwa sababu ya taarifa za uongo,” alisema. “Una siku ishirini na moja za kukata rufaa. Fomu ya rufaa itakuja kwa posta.”

“Donna anamleta mtoto saa nane. Alitaka nimwonyeshe cheti.”

“Hutampokea. Naandika pia kwamba nimekuonya leo.”

Aliandika. Akafunga faili, akauzungusha ule uzi mara mbili na kuukaza fundo. Kipimo cha maji akakitia mkobani. Faili halikuingia tena, karatasi za ukaguzi zilikwisha kuujaza mkoba, akalibana kwapani. Chai ilikuwa imefanya utando wa maziwa juu.

Kwenye kigeti alikwama. Alikivuta. Akakisukuma. Akakitikisa kwa mkono mmoja, faili likateleza, akalidaka kwa kiwiko. Hakuomba. Alisimama amempa Winifred mgongo, shingo yake ikianza kuwa nyekundu.

Winifred akasogea, akapitisha mkono, akabonyeza kwa kidole gumba, akainua.

Bi Pickering akapita. Kigeti kikarudi chenyewe, kikajifunga.

Mlango wa mbele nao ulikuwa umekwama tena. Aliuvuta kwa mkono mmoja, haukusogea. Akainama, akaliweka faili chini sakafuni, akaushika mpini kwa mikono yote miwili na kuegemea nyuma. Faili lilikaa pale juu ya matofali aliyoyasugua Winifred jana, hatua mbili kutoka kwenye kigeti, uzi mweupe ukiwa juu. Winifred alikuwa upande wa jikoni. Kidole gumba chake kilikuwa bado kwenye kitufe, hakijabonyeza.

Mlango ukaachia kwa kishindo. Bi Pickering akaokota faili, akalipangusa vumbi ambalo halikuwapo, akakanyaga kizingiti, akaenda zake.